Daftari la diko na lugha ya kuliuliza

Chukua mistari mitatu tu ya daftari la diko moja, yani pahala wavuvi wanaposhusha na kunadi samaki, huku Pemba. Wa kwanza: ngalawa, dema, changu mitungo 4, pweza kilo 12, kitoweo mtungo 1. Wa pili: boti, dagaa ndoo 60, mnada 30,000 kwa ndoo, mafuta lita 20. Wa tatu: dau la mshipi, karudi saa 11 alfajiri, hajapata kitu, bahari chafu. Yote hiyo ni data na ina majibu ndani yake, lakini hakuna mistari miwili inayofanana umbo. Mmoja una bei mwengine hauna, mmoja una samaki aina mbili mwengine aina moja, wa tatu hauna samaki kabisa ila una habari ya bahari ambayo wenziwe hawakuitaja. Sasa zidisha hiyo kwa madiko kadhaa, kila diko na karani wake na mazoea yake, halafu mtu wa kamati ya wavuvi akuulize "pweza wanapungua au hawapungui?" Hapo ndo utajua kwamba shida kubwa sio kuhifadhi, kuhifadhi saivi ni rahisi, shida ni kuuliza.

Mimi ni mtu wa programu, nimekuwa nikishughulika na madaftari haya kwa muda mrefu kiasi, na wenzangu tulifika pahala tukaamua kutengeneza lugha yetu ndogo ya kompyuta ya kuulizia data. Naandika hapa tuliyojifunza kwa sababu naona vijana wengi wa Unguja na Pemba wanajenga mifumo ya mwani, ya karafuu, ya zahanati, ya skuli, na wote wanakutana na kitu kilekile.

Kwanza suala la jedwali. Tangu Codd alipotoa makala yake ya mfumo wa mahusiano, yani data kukaa kwenye majedwali, 1970, na Chamberlin na Boyce wakaja na SEQUEL 1974 ambayo ndo baadae ikawa SQL, lugha ya kuulizia majedwali hayo, dunia imezoea kwamba unaamua umbo mwanzo, kolamu hizi na aina hizi, halafu data inaingia kwa kufuata umbo. Kwa benki hiyo ni sawa kabisa, sina ugomvi nayo. Kwa diko, kuna mradi mmoja uliwahi kuleta fomu ya kwenye simu yenye kisanduku cha uzito ambacho hakikuachii usonge mbele mpaka ukijaze. Nikamuuliza bwana diko anafanyaje siku za mitungo, akanambia "mwanangu, mizani yenyewe sina, kilo nitazitoa wapi? Naandika kumi inakubali." Ukiangalia data ile kolamu ya uzito ni 10, 10, 20, 10, 10, safi kabisa, haina pengo hata moja, na haina faida yoyote. Na kitoweo, yani wale samaki wanaobeba wavuvi nyumbani kabla ya mnada, hakikuwa na kisanduku kwahiyo kikapotea chote.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu na siutoi: mzigo wa kupambana na data isiyo na umbo moja awe nao anayeuliza, sio anayeandika pwani na mikono imerowa maji ya chumvi. Karani aandike alichokiona kwa kipimo alichonacho. Na lugha ya kuulizia ndo pahala pa kuuweka mzigo huo, ikiwa imetengenezwa vizuri.

Hii fikra sio yangu na sio mpya. Miaka ya 90 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuwa wanajaribu kuunganisha data kutoka vyanzo mbalimbali visivyofanana, mradi wao ukiitwa TSIMMIS, wakaja na mtindo wa OEM ambao kila kipande cha data kinajibeba na jina lake chenyewe, hakuna skima, yani umbo lililopangwa mwanzo, inayokaa nje. Juu yake wakajenga mfumo wa Lore na lugha yake ya kuulizia, Lorel, makala yake ni ya 1997, na mwaka mmoja nyuma Buneman, Davidson, Hillebrand na Suciu walishatoa UnQL, lugha ya namna hiyohiyo. XML, namna ya kuandika data ambayo kila kipande kina jina lake, ikapitishwa rasmi 1998, na lugha za kuiulizia zikafuata, XPath 1999, XQuery 2007, na huyohuyo Chamberlin wa SQL alikuwa mmoja wa walioanzisha Quilt, lugha iliyozaa XQuery. Leo kila mtu anatumia JSON, namna nyengine ya kuandika data ya aina hiyo, na anadhani tatizo limeanza nayo, kumbe maswali magumu karibu yote yalishaulizwa wakati ule. Kijana anayetaka kutengeneza kitu kama hiki asome kazi za Lorel kabla hajaandika mstari mmoja wa programu, mimi nimepata humo kuliko nilivopata kwenye mafunzo ya video.

Tulichochukua kwanza kutoka huko ni njia. Yani badala ya kutaja kolamu unataja njia ya kufikia kitu: safari.samaki.jina, safari.mnada.bei. Na njia inaweza kuwa na pengo, ukiweka nukta mbili maana yake "popote ndani", kwahiyo safari..bei inatafuta bei yoyote iliyomo bila ya kujali imekaa ndani ya mnada, ndani ya samaki, au imeachwa nje peke yake. Hii ni raha sana mana makarani hawaweki bei pahala pamoja. Lakini ina hatari, kwasababu safari..bei inakuletea bei ya samaki na bei ya mafuta na bei ya barafu zote kwa pamoja, ukipiga wastani hapo unapata namba ambayo haina maana yoyote duniani. Tulichofanya ni kwamba ukitumia nukta mbili, jibu lazima lije na orodha ya njia halisi zilizopatikana, na huwezi kujumlisha wala kupiga wastani mpaka utaje ni zipi katika hizo unazozitaka. Wengine waliona inachosha. Mimi naona hapo ndo lugha inamlinda mtu.

La pili ni kimoja au vingi. Karani mmoja anaingiza samaki: changu, mwengine samaki: orodha ya changu na pweza. Mtu anayeuliza hatakiwi ajue hilo, yeye anataka changu tu. Viwango vya SQL vya 2016 vilipoingiza JSON viliweka hali mbili za njia, ile ya kulegeza na ile ya kukaza, na kwenye kulegeza orodha inafunguliwa yenyewe na njia isiyokuwepo inatoa patupu badala ya kosa. PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data inayotumia SQL, wameiweka hiyo toka toleo la 12, la 2019, na sisi lugha yetu inakaa juu ya PostgreSQL kwahiyo tumefaidika nayo bila jasho. Hapa sina mengi, legeza tu, kukaza waachie wanaokagua data.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ndo limenikaa moyoni zaidi, nalo ni kimya. Kitu kisipoandikwa kwenye daftari, maana yake nini?

Mstari wa kwanza kule juu hautaji bei. Mstari wa tatu hautaji pweza. Hivi sio kitu kimoja. Wa kwanza bei ilikuwepo ila karani hakuiandika, wa tatu pweza hakuwepo kabisa, mvuvi karudi mikono mitupu na karani kasema hivyo waziwazi. Na kuna cha tatu, karani anaandika "bei ?" maana yake alijua kuna bei lakini hakuijua ni ngapi. Kwahiyo kuna hakuandika, kuna hajui, na kuna hakuna. SQL ya kawaida inakupa NULL, alama ya pengo, moja tu ya kubebea mawili ya mwanzo, na watu wavivu wanaibebesha la tatu pia au wanaligeuza la kwanza kuwa sifuri.

Ukitaka kuona athari yake fikiria kufunga mwamba. Vijiji kadhaa vya pwani, Kisiwa Panza hapa Pemba ni mfano unaojulikana, vimekuwa vikifunga sehemu ya miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, halafu wanafungua. Pweza anakua haraka sana kwahiyo miezi michache inatosha kuona tofauti ya uzito. Sasa kamati inataka kulinganisha kabla na baada. Wakati wa kufungwa daftari halina pweza wa pale, na ukimya ule una sababu, watu hawakwenda. Mtu akigeuza kila pengo kuwa sifuri halafu akapiga wastani wa mwaka, namba itamwambia kwamba kufunga kumeua uvuvi wa pweza, na ataipeleka kwenye mkutano wa shehia, na akina mama wanaokwenda kuvua pweza kwa miguu maji yakitoka wakati wa bamvua wataambiwa kazi yao ya kujizuia imewatia hasara. Akiacha NULL, AVG ya SQL, yani amri ya wastani, inaruka NULL yenyewe, wastani wa uzito unakuwa sahihi kwa waliopimwa, lakini hakuna kinachomwambia kwamba nusu ya safari hazikupimwa. Yote mawili yanaumiza watu wa kweli, ndo mana naliongea kwa uchungu.

Sio SQL peke yake. Kwenye PostgreSQL ukitumia ->> kuchukua fildi, yani kipande kimoja cha data chenye jina lake, fildi isiyokuwepo na fildi iliyowekwa null zote zinakurudishia NULL ileile, tofauti imeshafutika hapohapo kabla hujafanya chochote, lazima ukaulize kwa alama ya ? kama fildi ipo. MongoDB, hifadhi nyengine ya data, ukitafuta fildi iliyo sawa na null unapata zenye null na zisizokuwa nayo kabisa kwa pamoja. Walioliona hili mapema na kulipa heshima yake ni watu wa SQL++, lugha iliyopanua SQL kwa data isiyo na umbo moja, wao wana NULL na wana MISSING, vitu viwili mbalimbali, na lugha inavipitisha mpaka kwenye jibu. Sisi tukaongeza cha tatu. Kwenye lugha yetu unaweza kuandika pasipo bei ukimaanisha haikuandikwa, bei haijulikani, au samaki hakuna, na karani akiandika "hajapata kitu" hiyo inaingia kama hakuna iliyothibitishwa, sio kama pengo.

Halafu kuna kukanusha, ambako naona ndo pahala lugha nyingi zinapowaangusha watu wasiokuwa wa fani. Mtu wa kamati anauliza "nipe safari zisizo na pweza". Swali jepesi, hata mtoto analielewa. Ukiandika kwa XPath samaki/jina != 'pweza' umeuliza kitu chengine, umeuliza safari ambayo ina angalau samaki mmoja asiyekuwa pweza, kwahiyo ngalawa yetu ya mstari wa kwanza yenye changu na pweza inaingia kwenye jibu! Na ukiuliza = 'pweza' inaingia pia. Safari ileile iko pande zote mbili. Kwa mujibu wa XPath hilo ni sahihi mana ulinganishaji wake ni wa "yupo angalau mmoja", inabidi uandike not(samaki/jina = 'pweza'), alama moja imehama kutoka ndani kwenda nje na jibu limebadilika lote. Upande wa SQL ukiandika jina <> 'pweza' safari yenye jina NULL inaanguka kimyakimya, mana kulinganisha na NULL hakutoi ndio wala hapana, kunatoa "haijulikani", na WHERE, sehemu ya SQL inayochuja, inabakisha ndio peke yake. Yani dau la mstari wa tatu, lisilopata kitu, ambalo kwa akili ya kila mvuvi ndo safari isiyo na pweza kuliko zote, linatoka nje ya jibu.

Tulikaa na hili sana. Tuliamua kwamba kwenye lugha yetu hakuna alama ya "si sawa" juu ya njia inayoweza kuwa na vitu vingi, haipo, ukiiandika inakataa na inakuuliza unataka ipi: hakuna pweza hata mmoja, au kuna mwengine zaidi ya pweza. Na safari ambazo hazikutaja samaki kabisa zinawekwa fungu lake peke yake kwenye jibu. Kuna mwenzetu alipinga, akasema lugha inayouliza maswali inachosha watu waliozoea. Ni kweli kwa mtu anayeandika kwiri, yani maswali kwa lugha hizi, kutwa. Lakini watu wetu wanauliza mara chache, na jibu lao linaamua mwamba ufunguliwe au usifunguliwe.

Kutoka hapo likaja jambo ambalo kwangu ndo kiini: jibu lisitoke peke yake, litoke na mabaki yake. Kila swali linarudisha namba uliyoitaka, na chini yake safari ngapi zimetumika, ngapi zimeachwa, na zimeachwa kwa nini, hazina uzito, uzito haukusomeka, kipimo si kilo, na kadhalika, na unaweza ukabonyeza ukaiona mistari yenyewe. Kwa data ya jedwali lililonyooka hii ni ziada. Kwa data kama yetu bila ya hii hujui unachokishika. Mara nyingi kamati wakiona mabaki ni makubwa kuliko jibu wanaacha kubishana juu ya namba na wanaanza kuzungumza habari ya mizani, na hayo ni mazungumzo bora zaidi.

Tuliazima pia kitu kutoka Lore kinachoitwa DataGuide, kazi ya Goldman na Widom ya 1997 hiyohiyo. Kwa vile hakuna skima ya kusoma mwanzo, mfumo unatengeneza muhtasari kutoka kwenye data yenyewe, kila njia iliyomo inaonekana mara moja tu. Sisi tukaongeza njia hiyo imetokea mara ngapi na kwenye madiko gani, amri yake ni neno "njia" tu, ukiiandika unaona data ina nini kabla hujauliza. Ndo tulivyokutana na kitoweo. Makarani wa madiko mawili matatu walikuwa wanakiandika kwa hiari yao bila ya kuambiwa na mtu, wengine hawaandiki, na hakuna fomu yoyote iliyowahi kukitaka. Kumbe ukitazama kwenye madiko yale, samaki wanaokwenda nyumbani si kidogo, na wote hawaonekani kwenye hesabu za mnada. Skima ingekuwa imefungwa toka mwanzo ile habari ingekuwa imeingia kwenye kolamu ya "maelezo mengineyo" ambayo hakuna anayeisoma. Tangu siku hiyo mie naamini kwamba fildi inayoandikwa na wachache ndo ya kuangaliwa kwanza, sio ya kutupwa.

Saa na tarehe nitapita haraka. Saa 11 alfajiri ni saa tano kwa saa ya kompyuta, hilo tunalibadilisha wakati wa kusoma na tunabakisha maandishi ya asili. Tarehe ya mwezi mwandamo pia tunaibakisha kama ilivyo mana bamvua na maji mafu yanafuata mwezi, na uvuvi wa miguuni unafuata maji, kuuliza kwa tarehe ya kalenda ya ukutani peke yake hakukupi picha.

Vipimo ndo vilituchukua muda. Lorel ilikuwa inalainisha aina yenyewe, ukilinganisha "10" ya maandishi na 10 ya namba inakuelewa, na hilo ni jambo jema, tumelichukua. Lakini kutoka hapo watu wanateleza wanataka na mtungo ulainishwe uwe kilo. Mtungo wa changu wakubwa na mtungo wa tasi ni vitu mbalimbali, ndoo ya dagaa wabichi na ndoo ya dagaa wakavu ndo usiseme. Kwahiyo lugha yetu haijumlishi vipimo viwili, ukiomba jumla inakuletea kilo kivyake, mitungo kivyake, ndoo kivyake. Ukitaka kilo tupu lazima uandike kwa kigezo cha diko gani, yani mtungo au ndoo ya pale ina kilo ngapi, na kigezo hicho ni data pia, kimeandikwa na watu wa diko wenyewe baada ya kupima mitungo kadhaa kwa mizani ya kuazima.

Tulipowapelekea jedwali la vigezo, bwana diko aliyesema habari ya mizani akalitazama akasema "hili halitoshi, mtungo wa kusi na mtungo wa kaskazi haulingani, wekeni na msimu." Alikuwa na haki. Kigezo saivi kinabeba diko, aina ya samaki, na tarehe ya kuanza na kumalizika, na swali la mwaka jana likiulizwa leo linatumia kigezo cha mwaka jana. Aina ambazo hazijapimwa bado ni nyingi, na mitungo yao inabaki mitungo kwenye jibu mpaka watu wa diko wazipime.